Usipitishe kisu kwenye kiini cha amecha ukishapanga vibati

Mkuu, zima hiyo mashine ya kukereza kwanza. Nimefika pale uliposema utapanga vibati vya kiini cha amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka) kwenye shafti, uvichomelee mistari minne ubavuni, kisha ukereze na kupiga jiwe mpaka kiini kiingie kati ya sumaku, "maana mota ni ya DC, haina mambo ya AC". Yaliyofuata nimeyasoma kwa jicho moja, jingine lilikuwa linalia.

Hiyo kauli ya DC haina mambo ya AC naijua ilikotoka. Na mimi niliambiwa na fundi kereza mmoja mzee, mtu wa kukupa vipimo hadi sehemu ya mia ya milimita huku akikuhadithia habari za mpira. Kwenye vyuma simgusi. Kwenye sumaku alikuwa anabuni tu, tena kwa sauti ya mwenye uhakika, na sauti ile ndiyo iliyonimaliza.

Umeme unaoingia kwenye brashi (vile vipande vinavyoupeleka kwenye koili zinazozunguka) ni DC, wa mwelekeo mmoja, si AC unaogeukageuka, sawa. Ila kiini kinazunguka! Kila jino linapita mbele ya ncha ya kaskazini, linageukia ya kusini, linarudi tena. Umesema mota yako ina ncha mbili na itazunguka mara 12,000 kwa dakika. Gawa kwa 60: mara 200 kwa sekunde. Chuma cha kiini kinapelekeshwa kwa Hz 200, yaani kinageuzwa usumaku mara 200 kwa sekunde kwenda na kurudi, wakati transfoma inayoning'inia kwenye nguzo ya umeme inakula Hz 50 au 60 tu.

Usumaku ukigeukageuka hivyo, chuma chenyewe kinazalisha mikondo ya umeme inayojizungukia ndani yake, ile iitwayo mikondo ya Foucault, inayojulikana tangu 1855. Haifanyi kazi yoyote zaidi ya kuchemsha chuma. Vibati vyembamba vyenye ngozi ya kuhami vipo kwa ajili ya kuikatia njia, na hasara yake inafuata mraba wa unene wa bati na mraba wa hizo Hz. Ukishuka kutoka bati la milimita 0.5 hadi 0.35, hasara hiyo inapungua kwa takriban nusu. Ukipanda kutoka Hz 50 hadi 200, inakuwa mara 16. Sasa fikiria umelipia bati la silikoni, ambalo linapinga umeme mara nne au tano kuliko chuma tupu, halafu unachukua mashine ya kuchomelea na kuviunganisha vyote tena kuwa gogo moja.

Nilichofanya ndicho unachotaka kufanya. Mistari minne ya kuchomelea, nikakereza, nikapiga jiwe mpaka kiini kikang'aa ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Karatasi ya kuhami ikakataa kuingia kwenye sloti, ile mifereji ya kulazia waya, nikapiga tupa ndani ya sloti pia. Nikasuka, nikamwaga vaneshi, nikawasha. Mota ikazunguka! Nikafurahi kwa muda wa kutosha kujiaibisha mbele za watu. Kisha nikaona inavuta ampea nyingi ikiwa haina mzigo wowote, na baada ya muda mfupi vaneshi ikaanza kunukia.

Hapa ndipo hela zilipokwenda. Kwa sababu kiini kilikuwa kizuri machoni, nilishuku kila kitu isipokuwa kiini. Nikabadilisha beringi. Nikasogeza brashi. Nikakata koili zote nikasuka upya kwa waya mnene zaidi, nao ukaungua vilevile. Yule mzee akaniambia waya ni feki. Waya wa watu, maskini, haukuwa na kosa.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Shafti imeingizwa kwa nguvu, kwa hiyo vibati vyote vinagusana kwa shafti upande wa ndani. Peke yake haina madhara makubwa, mkondo hauna njia ya kurudi. Ukiweka mstari wa kuchomelea upande wa nje, umeufungia mzunguko: unapanda kwa nje, unashuka kwa shafti, na sumaku inausukuma kila kiini kinapozunguka. Jiwe nalo linakokota chuma laini cha kingo kutoka kibati kimoja hadi cha pili, kama siagi juu ya mkate, likifunika ngozi ya kuhami. Ule mng'ao ndio ugonjwa wenyewe. Tupa ndani ya sloti ni uovu uleule, tena mahali ambapo huwezi kupaona.

Najua atatokea mjuaji aseme viwandani wanakereza viini. Wapo, kwa kisu kikali sana na mkato mwepesi, na wengine huosha uso kwa asidi baadaye ili kuondoa chuma kilichopakazwa. Ukiwa na hayo yote usingekuja kuuliza hapa.

Kipenyo cha mwisho kitoke kwenye dai, kile chombo kinachokata vibati. Kikitoka kikubwa, rekebisha dai, usiguse kiini. Dai ikianza kuchoka inaacha vimwiba kwenye kingo za bati. Vikizidi kama sehemu ya kumi ya unene wa bati, inoe upya, maana vinatoboa ngozi ya kuhami ya jirani. Panga vibati vyote vimwiba vikielekea upande mmoja. Kuvishika pamoja, tumia gundi ya joto au vile vibonyeo vya kujifunga vinavyopigwa na dai yenyewe. Sloti ikibana karatasi, tafuta karatasi nyembamba zaidi. Na lile wazo lako jingine la kuchonga kiini kutoka chuma cha duara kizima sitalijibu, nina presha.

Kabla ya kugusa waya, weka kiini kitupu na shafti yake kwenye beringi, ukizungushe kwa mota nyingine kwa mwendo uleule wa kazi. Soma wati zinazoingia kwenye mota hiyo ya kuzungusha kwanza bila sumaku, kisha sumaku zikiwa mahali pake. Tofauti ya wati hizo, karibu yote, ni chuma kinachokula bure. Acha kizunguke kwa muda, zima, shika kiini kwa mkono. Kama huwezi kukishikilia na hakuna hata uzi mmoja wa koili juu yake, usisuke. Leta wati ulizopata hapa pamoja na uzito wa kiini, tuone bati lako ni la aina gani. Lililoandikwa M400-50A linapaswa kupoteza wati zisizozidi 4 kwa kilo kwenye tesla 1.5 (kipimo cha ukali wa usumaku) na Hz 50, kwa Hz 200 tarajia zaidi ya mara nne ya hapo, na kuanzia hapo tunaweza kubishana.