Wakili kijana, usiidharau kazi ya zabuni

Vijana wanaomaliza Law School pale Sam Nujoma huniuliza ni kazi gani ya sheria inalipa hapa Dar. Wanategemea niwatajie mafuta na gesi, au kesi za ardhi. Nikiwaambia wakawasaidie wafanyabiashara wadogo wanaoiuzia Serikali, wengi wananuna. Nawaelewa. Huvai joho, hakuna wa kukushangilia mahakamani, ni wewe na mafaili.

Anza na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024, halafu ingia NeST, mfumo wa Serikali wa kununua kwa mtandao, uujue kwa vidole vyako. Wapo mawakili hadi leo wanaomshauri mteja kwa sheria ya 2011 iliyokwishafutwa. Usiwe miongoni mwao.

Kazi inaanza kabla zabuni haijatangazwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anakuja na bahasha yake: BRELA, kwa msajili wa kampuni, kasajili kampuni, TIN aliyozoea kuitumia ni yake binafsi, na leseni ni ya vifaa vya umeme wakati anataka kuuza vifaa vya ofisini. Dukani hakuna anayemuuliza. Kwenye NeST anakwama, maana mfumo unasomana na BRELA na TRA. Hapo unakaa naye mnanyoosha jambo moja moja, pamoja na taarifa za mwaka za kampuni, michango ya NSSF na ya WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kazi inachosha, lakini inajirudia, na inayojirudia ndiyo inayolipa pango la ofisi. Kama mteja ni kikundi cha vijana, wanawake, wazee au wenye ulemavu, mweleze kuhusu ile asilimia 30 ya ununuzi wa umma inayotengwa kwa makundi maalumu. Wengi wanaisikia redioni tu.

Watu wanaumia zaidi baada ya kushinda. Mteja wangu mmoja alipeleka viti na meza kwenye taasisi fulani, mtunza stoo akamsainia delivery note (hati ya kufikisha mzigo), naye akarudi nyumbani anachekelea. Malipo hayakutoka. Uhasibu walitaka taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, na kamati ilikuwa haijakaa, wakati viti vilishaanza kukaliwa. Tukaandika barua juu ya barua. Tangu hapo, mteja wangu haondoi gari kwenye geti kabla hajajua kamati inakaa lini, nani anaandika taarifa, na yeye anapata nakala wapi.

Halafu hela ikiingia, simu inalia: “Wakili, wamenikata!” Hajaibiwa. Ni kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa zinazouzwa serikalini, na kwa huduma ni asilimia 5. Adai cheti cha zuio, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yake ya mapato ya mwaka. Bila cheti, itamwia vigumu kuidai hela hiyo. Afadhali umweleze haya kabla hajapanga bei, kwa sababu faida za wadogo ni nyembamba sana.

Malalamiko ya zabuni yanaanzia kwa afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi inayonunua, ndipo yaende Mamlaka ya Rufani za Zabuni. Siku ni chache, hivyo mteja asikuletee barua ya kukosa zabuni wiki mbili baadaye. Nawe usimpe moyo wa bure: mara nyingi aliyekosa alikosa kihalali.

Kuhusu ada, usikubali asilimia ya zabuni. Leo utaitwa wakili, kesho utaulizwa kama unamfahamu mtu ndani, na TAKUKURU hawatajali kwamba ulijibu kwa heshima. Toza kwa mwezi au kwa kazi, kwa mkataba ulioandikwa. Mteja akisema, “Kaka, nitakulipa Serikali ikinilipa,” mwambie hapana, hasa kama LPO yake (hati ya Serikali ya kuagiza bidhaa) ni ya Juni na mwaka wa fedha unakaribia kufungwa.