Kama muziki wa elektroniki haukuingii, anza na Plastic People

Aliyekulia kwenye dansi la magitaa na besi akisikia muziki wa elektroniki husema ni kelele za mashine tu. Simlaumu. Nyingi ni kelele kweli. Lakini kila anayeniuliza aanzie wapi humpa jibu lile lile: tafuta Plastic People, albamu ya pili ya Kraak & Smaak, iliyotoka mwaka 2008. Ya kwanza, Boogie Angst ya 2006, iache kwanza.

Kraak & Smaak ni Waholanzi watatu: Oscar de Jong, Mark Kneppers na Wim Plug. Kwao ni Leiden, mji wa chuo kikuu ulio kati ya Amsterdam na Hague (naam, Hague ile ile ya mahakama). Mji huo huo ndiko alikozaliwa Armin van Buuren, ambaye mwaka ule wa 2008 wasomaji wa jarida la DJ Mag walimchagua kuwa DJ namba moja duniani. Uholanzi ya wakati ule ilivuma kwa muziki wake yeye, transi: mwendo wa kasi, sauti zinazopanda taratibu mpaka ukumbi mzima unyanyue mikono. Hawa watatu walishika njia nyingine kabisa. Walikwenda kuokota fanki, disko na soul ya Wamarekani weusi, wakaipitisha kwenye mashine bila kuitoa jasho. Ndiyo maana nasema mlango wako ni huu.

Ukiitafuta mtandaoni, andika jina la bendi pamoja na la albamu. Plastic People peke yake itakuletea klabu moja ya London iliyosifika kwa spika zake mpaka ilipofungwa 2015, na pia bendi ya roki ya Prague, Plastic People of the Universe, iliyoanzishwa 1968 na kusumbuliwa sana na serikali ya kikomunisti. Yote mawili yana hadithi nzuri, ila siyo tunachokitafuta.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usiisikilize kwenye spika ya simu. Siyo suala la kujidai mtaalamu. Waya mnene wa gitaa la besi hutoa sauti nzito ya takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kabisa kuifikisha hewani. Unachobaki nacho ni kofi la ngoma na sauti ya mwimbaji, halafu unasema muziki hauna mwili. Mwili uko, ila umebaki ndani ya simu. Tafuta hedifoni za maana, au redio ya zamani ya nyumbani yenye spika kubwa, au keti ndani ya gari. Mimi gari ndiyo naipenda zaidi, madirisha yakiwa yamefungwa.

Ukishapata spika, ifuate besi. Mwimbaji mwache, vinanda viache, shika besi tu tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Utagundua kwamba haijazi kila nafasi. Inagonga pigo la kwanza kwa uzito, inanyamaza, inarudi kwa mguso mfupi, inanyamaza tena. Hiyo ndiyo fanki, na kule kunyamaza ndiko kunakomtingisha mtu kiuno bila kutaka. Aliyezoea kumsikiliza mpiga besi wa bendi ya dansi atajikuta yuko nyumbani kabla wimbo wa pili haujaisha.

Wimbo uliosikika zaidi humo ni Squeeze Me, ulioimbwa na Mwingereza Ben Westbeech. Video yake ilitengenezwa kwa vile vijitabu vya picha unavyovipekua haraka kwa kidole gumba hadi picha zitembee, itazame, inafurahisha. Lakini usiishie hapo. Wengi hupakua wimbo huo mmoja, wakadhani wameimaliza albamu. Icheze yote kwa mpangilio wake, bila kuchanganya. Hapo ndipo utaona kwa nini nakuanzisha na ya pili. Boogie Angst kwangu ni kazi ya watu wanaowapikia madijei: mdundo unakaa muda mrefu ili DJ mwenzao apate pa kuunganisha. Ukumbini ni raha, sebuleni inachosha. Kwenye Plastic People nyimbo zimekuwa nyimbo, zina mwanzo na mwisho, na waimbaji wamepewa nafasi.

Kwa vijana mnaotengeneza biti chumbani, hapa kuna la kuiba. Sikilizeni jinsi sauti ya mwimbaji inavyoachiwa uwanja: akiingia, kitu kimoja kwenye muziki hutoka. Mara nyingi nasikia kazi za maprodyuza wetu ambapo mwimbaji anaingia juu ya kila kilichokuwepo, basi wote wanapigana. Zima kitu. Jambo jingine, Kraak & Smaak huzipeleka nyimbo hizi jukwaani na bendi kamili, yenye mpiga ngoma na mpiga besi wa kweli. Mimi hujipima hivyo hivyo: nikimpa mpiga besi wangu biti niliyoitengeneza na akashindwa kupata cha kupiga, najua tatizo liko kwenye biti.

Na wewe unayepiga muziki kwenye sherehe, usiiweke albamu hii saa sita usiku watu wanapotaka kuruka. Mahali pake ni mapema, wageni wakiwa wanaingia na sahani bado zinapitishwa. Wazee hawanuni kwa sababu wanasikia disko la ujana wao, vijana hawanuni kwa sababu sauti ni ya kisasa. Ukiona mabega yanaanza kucheza huku watu wamekaa, ongeza sauti kidogo tu.

Ikikukolea, nenda Electric Hustle ya 2011, kisha ruka hadi Juicy Fruit ya 2016, ambayo ni tulivu zaidi na inafaa Jumapili mchana. Boogie Angst ndiyo umalizie nayo. Wakati huo masikio yatakuwa yameshazoea, na ile midundo mirefu haitakuchosha tena.