Mlango wa slaidi: kitasa peke yake hakitoshi

Dada, umeuliza kama kitasa kilichokuja na mlango wako wa slaidi wa barazani kinatosha. Hakitoshi. Kile kilimi chake ni kidogo, na mwizi wala hahangaiki nacho: anainua mlango mzima kutoka kwenye reli.

Jaribu leo ukiwa ndani. Funga, shika fremu kwa mikono miwili, inua juu. Mlango ukicheza kama sentimita moja, hapo ndipo penye shida. Panda kwenye stuli, funga skrubu mbili tatu kwenye reli ya juu, vichwa vining'inie kidogo tu ili mlango upite bila kukwaruza lakini usiinuke. Kazi ya dakika kumi.

Kisha kata mti mkavu au bomba la mraba, ulilaze kwenye reli ya chini lijae nafasi yote. Ukiacha pengo la vidole viwili, mwizi anapata pa kuingiza mtaimbo. Kizuizi hicho kinafaa kama kipande cha mlango kinachotembea kiko upande wa ndani. Kikiwa nje, toboa fremu zote mbili pale zinapopishana, upitishe pini ya chuma kwa ndani. Mwangalie fundi asiguse kioo kwa keekee, kitapasuka chote.

Kioo chenyewe bado kinavunjika, kwa hiyo grili ni nzuri ukiweza. Ila tafadhali, iwe ya kufunguka, na ufunguo kila mtu ndani aujue ulipo. Moto hausubiri.