Re: Siku nne London kwa rafiki, usafiri tufanyeje?

Dada, hilo swali la kama wewe na mwenyeji wako mnaweza kulipia nauli kwa kugusisha kadi moja ya benki kwenye mashine: hapana. Kila mtu na kadi yake, na utumie ile ile siku nzima. Ukigusa kadi asubuhi na simu jioni, mfumo unakuhesabu watu wawili, hata kama akaunti ni moja, na kile kikomo cha makato ya siku (ukikifikia, hukatwi tena siku hiyo) hukifikii.

Kwenye treni unagusa unapoingia na unapotoka. Kwenye basi, mara moja tu unapopanda; noti hawapokei tangu 2014. Wageni wengi hukwama kwenye DLR, treni nyepesi za mashariki mwa London, kwa sababu vituo vyake vingi havina mageti. Unashuka, unajipitia zako, mashine ya njano ya kugusia kadi unaisahau pembeni, halafu unakatwa nauli ya juu kabisa.

Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow panda Piccadilly, moja ya njia za treni za chini ya ardhi. Inachukua karibu saa nzima hadi katikati ya jiji, lakini nauli yake ni nafuu kuliko ya treni ya Elizabeth, achilia mbali treni ya kasi ya Heathrow Express.

Makumbusho ya British Museum na majumba ya sanaa ya National Gallery na Tate Modern kiingilio bure, ila maonyesho maalumu hulipiwa. Mtaa wa Greenwich nendeni kwa boti, mrudi kwa DLR. Kilima cha bustani ya huko Greenwich ni bure na jiji lote unaliona. Jumba la Observatory, la kuchunguzia nyota, ndilo la tiketi. Siku za kazi, msitoke kabla ya saa tatu na nusu asubuhi: nauli hupanda, na kusimama ni kwa kubanana.