Keki ya ghorofa mbili kwa anayeanza: shughulikia nguzo kwanza, mapambo baadae

Dada umeuliza kama mtu aliyezoea kuoka keki moja ya kawaida anaweza kumtengenezea mwanae keki ya ghorofa mbili ya bethidei, mwenyewe nyumbani, bila kwenda kozi. Unaweza kabisa. Mi nimeshafanya mara tatu na ile ya kwanza ndo iliyonifundisha, kwahiyo nivumilie naandika kirefu, maana wakati ule kila nilichosoma kilikuwa ni maua na rangi tu, hakuna aliyeniambia kuhusu uzito.

Ya kwanza ilikuwa mwanangu anatimiza miaka 5. Keki ilioka vizuri, ladha safi, nikachukua ya juu nikaikalisha moja kwa moja juu ya ya chini, nikapaka krimu nikapamba nikaenda kuoga. Kurudi naona ya chini imetanuka ubavuni, krimu imepasuka, na ya juu inazama huku imelalia upande mmoja. Watoto walikula na walifurahi lakini mi niliumia sana, kazi ya siku mbili imeharibika kwa kukosa mirija mitano ya kunywea, ya kusimama kama nguzo ndani ya keki ya chini.

Yaani lielewe hili kabla ya yote: keki ya juu haikalii keki ya chini, inakalia nguzo, yaani hiyo mirija. Ya juu unaijenga juu ya kadibodi yake ngumu ya saizi ileile, unaifunga kwanza na foili ili isilowe mafuta. Ya chini ikishapakwa krimu na kugandishwa kwenye friji, weka juu yake tini tupu ya ile ndogo, ibonyeze kidogo tu upate alama ya duara. Chukua mrija mnene (ile myembamba ya soda inapinda) uuchomeke katikati mpaka chini kabisa, weka alama pale krimu inapoishia, uchomoe, ukate, alafu mingine yote ikate kwa urefu huohuo, usipime kila mmoja peke yake utapata mifupi na mirefu na keki itainama. Mmoja katikati, minne kuzunguka, yote ndani ya ile alama. Kwa keki ya juu ya inchi 6 inatosha. Ukitaka ghorofa tatu hapo tumia vijiti vya mbao vya keki, lakini kwa mara ya kwanza nakusihi baki na mbili.

Saizi, chini inchi 8 na juu inchi 6. Watu wengi wanakosea kipimo hapa wanadhani inchi mbili ni kitu kidogo, kumbe ya 8 inakula mchanganyiko karibu mara mbili ya ile ya 6, kwahiyo kama resipi yako inajaza ya 6 vizuri, izidishe mara 1.8 hivi kwa ya 8. Oka kwa moto mdogo kuliko ulivyozoea, nyuzi 160 mpaka 170, ukiweka 180 inapasuka na kuvimba katikati wakati ndani bado mbichi. Na chagua keki ya siagi yenye mwili, zile laini sana za mayai tupu zinabonyea.

Usioke na kupamba siku moja!! Mi huwa naoka alhamisi kama sherehe ni jumamosi, zikipoa kabisa nazifunga nailoni zinalala kwenye friji, ijumaa nasawazisha vichwa kwa kisu cha meno kama cha mkate, keki ya baridi inakatika safi haitoi makombo. Kisha najaza, napaka krimu nyembamba tu ya kushika makombo, friji dakika 30, ndo napaka ile ya pili nene. Ukiruka hiyo dakika 30 makombo yatatokea kila mahali na utapaka mpaka ulie.

Krimu ni siagi isiyo na chumvi gramu 500 kwa aisingi shuga kilo 1. Siagi iwe laini lakini isiwe imeyeyuka, ipige peke yake kwanza kama dakika 5 mpaka iwe nyeupe, ndo uongeze sukari kidogo kidogo. Kama joto la siku hiyo ni kali na krimu inakuwa kama uji usiongeze sukari tu, weka bakuli kwenye friji dakika 10 upige tena. Rangi tumia za jeli, za maji zinailegeza, na uzichanganye usiku kwa sababu rangi inakolea yenyewe ikilala.

Mapambo chagua kitu kimoja. Mi ningekushauri nozo ya nyota (ile ncha ya mfuko wa kupambia yenye mdomo wa umbo la nyota), zungusha vishada kwenye mstari ghorofa mbili zinapokutana, panaficha kasoro zote za kadibodi, alafu vichache juu. Jaribu kwanza kwenye sahani mkono uzoee. Fondanti (ule unga wa sukari unaokandwa na kusukumwa kama chapati kufunika keki) iache mpaka keki nyingine, ikikauka inapasuka na ikitoka kwenye friji inatoa jasho.

Kama sherehe si hapo nyumbani beba ghorofa mbali mbali, kila moja kwenye boksi lake, sakafuni mwa gari siyo kwenye siti maana siti imeinama, ukapandishe hukohuko. Nenda na krimu kidogo kwenye mfuko wa kupambia ya kuziba palipoguswa.

Wakati wa kukata, nyanyua ya juu pamoja na kadibodi yake uiweke pembeni, chomoa mirija uihesabu, kama uliweka mitano itoke mitano, ndo uanze kuwakatia watoto.