Wafilipino na NBA: kwa nini hawalali?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Natokea Unguja, nafanya kazi ya jikoni katika hoteli hapa Muscat, na chumba nalala na Wafilipino watatu. Fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, zikifika, saa kumi na nusu alfajiri wote wako macho, wamejazana kitanda kimoja wanatazama simu moja, na makelele yao yanaamsha korido nzima. Warefu si warefu, na kwenye timu zile simwoni Mfilipino hata mmoja. Wewe umesafiri nao melini miaka mingi. Mapenzi haya yametoka wapi? Na nikikaa nao, niwaulize nini?
Msomaji, Ruwi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa fundi wa injini, na Wafilipino ndio waliokuwa wengi katika meli zangu. Penye nafasi sitahani walifunga ringi. Mpira ukitumbukia baharini, walitoa mwingine. Basi hao wa chumbani mwako nawajua.

Hiyo alfajiri inayokukera ni ya ugenini. Mechi inayochezwa usiku Marekani, Manila ni asubuhi. Fainali ikianza, kwao ni saa mbili na nusu, watu wanakunywa kahawa. NBA wamekua nayo kama sehemu ya asubuhi yao.

Marekani iliitawala Ufilipino kuanzia 1898 hadi 1946, na mpira wa kikapu uliingia mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia shule na YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Lakini usiseme wanashangilia cha wenzao, maana hilo si kweli na litawauma. Kikapu kilipochezewa medali za Olimpiki mara ya kwanza, Berlin 1936, Wafilipino walikuwa wa tano. Mwaka 1954 huko Rio de Janeiro wakachukua shaba ya dunia, na hadi leo hakuna timu ya Asia iliyofanya vizuri zaidi. Ligi yao, PBA, ilianza 1975, ya kwanza ya kulipwa barani Asia. Wanaitazama NBA kwa jicho la watu wanaoujua mchezo.

Urefu hauwazuii. Kila barangay, yaani mtaa wenye uongozi wake, hutafuta namna ya kuwa na uwanja, na watoto hucheza na ndara miguuni. Kimbunga kikipiga, uwanja huohuo wenye paa ndio hukimbiliwa na waliobomokewa. Kobe Bryant, nyota wa NBA, alipofariki Januari 2020, kwenye majengo ya Tenement, Taguig, picha yake na ya binti yake Gianna ilichorwa ikaenea sakafu ya uwanja. Mimi hilo lilinigusa sana.

Na Mfilipino yumo, tazama vizuri. Erik Spoelstra, kocha aliyeipa Miami Heat ubingwa wa NBA 2012 na 2013, mama yake ni wa San Pablo, Laguna. Jordan Clarkson, mchezaji bora wa akiba wa NBA mwaka 2021, ana asili ya huko kwa upande wa mama, na alivaa jezi ya Ufilipino Kombe la Dunia la kikapu 2023. Siku ya ufunguzi, dhidi ya Jamhuri ya Dominika, waliingia watu 38,115 uwanja wa Philippine Arena, rekodi ya mashindano hayo. Wafilipino walifungwa, 87 kwa 81.

Sasa la kuwauliza. Anza na Ginebra, timu ya PBA inayopendwa kupita zote. Hapo tu utapata nusu saa. Halafu uliza nusu fainali ya Michezo ya Asia, Hangzhou 2023. China ilikuwa nyumbani na inaongoza kwa mbali, kisha Justin Brownlee, Mmarekani aliyepewa uraia wao, akatia mitupo ya pointi tatu dakika za mwisho, wakashinda 77 kwa 76. Wakaifunga nchi ya Jordan fainali na kutwaa dhahabu waliyoikosa tangu 1962. Muulize kila mmoja alikuwa wapi siku ile, na usimkate maneno.