Jibu: Ubudha kwa la tatu na fomu tuu

Mwalimu wa Ujiji, umeuliza Ubudha uanzie wapi kwa la tatu na kwa fomu tuu. Wadogo usiwapelekee mafundisho kabisa, wape stori ya Siddhartha, yaani Buddha alipokuwa mtoto, alivyomtibu bata maji aliyepigwa mshale na binamu yake Devadatta, afu waulize ndege ni wa nani, aliyemlenga au aliyemtibu, watabishana mpaka kengele ilie we kaa kimya tu. Fomu tuu ndo uwape zile kweli nne, mateso yapo, chanzo tamaa, yanaisha, na njia yake ina sehemu 8, na mfalme wa India ya kale, Ashoka, alivyojutia vita yake ya kuiteka nchi ya Kalinga. Wazazi waambie mapema hubatizi mtu, huku Tabora ilinisaidia. Afu waoneshe picha ya hekalu la Wabudha la Dar, wengi hawajui kama lipo.